Mashine ikisimama ndo uiogope

Ukipitisha kidole kwenye mtulinga wangu wa kushoto utakuta kafundo, kama vile kamba imefungwa ikaachwa hapo chini ya ngozi. Hako kafundo nilikapata kwenye krasha, mashine ya kupasulia mawe, iliyokua IMEZIMWA. Narudia, imezimwa, na niliizima mwenyewe, batani nyekundu nimeigonga kwa kiganja, mota kimya, vumbi limeanza kutua, hadi ndege unawasikia. Ndo hapo nikavunjika.

Nimeanza na hiyo kwasababu kila kijana mpya akija saiti namuona anavyoiangalia mashine ikiwa inatembea, macho yamemtoka, anapita mbali kabisa, na mi sina wasiwasi nae hata kidogo muda huo. Wasiwasi wangu unaanza ikizimwa. Kelele zikiisha ule uoga nao unaisha, mtu anasogea, anaweka mkono, anapanda juu anachungulia mdomoni kama anachungulia sufuria. Nimefanya kazi hizi zaidi ya miaka kumi, nimeanza na beleshi chini ya mkanda unaobeba mawe hadi leo naongoza shifti, na karibu kila mtu ninaemjua aliyeumia aliumia wakati wa kuzibua, kusafisha, kupaka grisi au kubadili kitu. Wakati wa kusaga kwenyewe, mawe yanaingia yanatoka, sijaona wengi.

Ngoja niwaeleze ya bega maana ndo shule yangu kubwa.

Krasha ya taya, kwa ambae hajawahi kuiona kwa karibu, ni kitu rahisi sana. Mabamba mawili ya chuma yamekaa kama herufi V, moja limesimama, jingine linacheza, linasogea linarudi, jiwe linadondoka katikati linabanwa linapasuka, vipande vinashuka chini kidogo vinabanwa tena, hadi vitoshe kupita kwenye uwazi wa chini. Basi. Mmarekani mmoja anaitwa Eli Whitney Blake alipata hataza yake mwaka 1858, na hadi leo wazo ni lile lile, kilichobadilika ni ukubwa na haidroli. Kinacholichezesha lile taya ni shafti ambayo kati kati yake imepinda kusudi, na pembeni kuna magurudumu mawili mazito mno, kila upande moja. Hayo magurudumu kazi yake ni kutunza nguvu, jiwe gumu likija mota isizidiwe, ule uzito unaozunguka ndo unalipiga. Na kwenye gurudumu kuna sehemu imejazwa chuma zaidi ili kusawazisha taya. Yani upande mmoja ni mzito kuliko mwingine. Hiyo sentensi ya mwisho mi hakuna alieniambia, ningeijua ningekua na bega zima.

Siku hiyo likaingia jiwe refu, limelala vibaya, krasha ikakaza ikasimama na mzigo mdomoni. Mikanda ya mota ikaanza kutoa moshi, nikazima. Supavaiza akapiga kelele kwenye redio, tipa tatu zinasubiri, toeni hilo jiwe dakika mbili tu. Hizo dakika mbili, jamani. Nimekuja kugundua kwamba hakuna anaekuambia "nenda kajiue", wanakuambia dakika mbili tu. Nikachukua mtaimbo nikapanda, nikasimama kwenye jukwaa, nikauingiza mtaimbo kati ya jiwe na taya nikaanza kulitikisa. Likagoma. Nikaegemea kwa uzito wangu wote, kifua juu ya mtaimbo, likachomoka.

Sasa kilichotokea ni kwamba krasha ilipokaza, ule upande mzito wa gurudumu ulikua umegandia juu. Umeshikiliwa na lile jiwe tu, hakuna kingine. Jiwe lilipotoka, uzito ukashuka chini kama kitu chochote kizito kinavyoshuka, gurudumu likajizungusha nusu raundi bila umeme bila nini, na taya likabana. Mara moja tu. Likaukuta mtaimbo. Ile ncha ya chini ikabanwa na ncha ya juu ikarudi kwangu, sikuona hata ilivyokuja, nilisikia tu "ko" kama mtu kavunja kuni, nikajikuta nimekaa chini nimeegemea reli, mkono wa kushoto hautaki kunyanyuka. Inchi chache pembeni ilikua ni shingo. Au meno yote. Mzee mmoja wa grisi ndo alinishusha, njiani akawa anarudia tu, "ulifunga? ulifunga?" na mi nikawa najibu nimezima, nimezima mzee. Akanyamaza kidogo akasema "sikukuuliza kama umezima."

Wiki sita mkono kwenye kitambaa, nilikua na muda mwingi wa kuifikiria hiyo.

Nikarudi kazini yule mzee akanipa kufuli. Sio la kampuni, la kwake, la zamani, funguo moja. Akanifundisha jambo ambalo lilitakiwa nifundishwe siku ya kwanza, kwamba kuzima na kukata ni vitu viwili tofauti kabisa. Ile batani nyekundu, wengi wanadhani ikibonyezwa mashine imekufa. Haijafa. Batani inaongea na waya mdogo wa kuendeshea tu, umeme mkubwa bado umesimama pale pale mlangoni unasubiri. Mtu akiinyanyua batani, au saketi ikileta shoti, au yule operata wa kwenye kibanda akadhani mmemaliza, inawaka. Kukata ni kwenda kwenye swichi kuu ya ile mota, kuishusha, kutia kufuli LAKO, funguo mfukoni mwako, na kibao chenye jina lako kikining'inia. Mko watano, kufuli tano. Kuna kile kibano chenye matundu mengi, kila mtu anatia lake, na swichi haipandi hadi la mwisho litoke.

Na funguo haiachwi kwa mtu. Hii nilibishana nayo mwanzoni, naona kama uchoyo vile, mwenzangu anaenda kunywa maji si nimuachie tu. Hapana. Siku moja jamaa mmoja alimuachia mwenzie funguo, mwenzie akamaliza kipande chake cha kazi, akaenda akafungua kufuli zote mbili kwa nia njema kabisa akijua wamemaliza, kumbe jamaa karudi kwa mlango wa nyuma yuko chini ya chekeche anatafuta spana aliyoidondosha. Bahati yake alikua mtu wa kuimba akiwa kazini. Operata alimsikia akiimba kabla hajabonyeza. Tulicheka siku hiyo, ila kicheko chenyewe kilikua kile cha watu wasiotazamana.

Alafu kuna nguvu ambazo kufuli la umeme halizikati, na hapa ndo wengi tunapigwa. Gurudumu zito kama langu. Krasha ya taya ukiizima inaendelea kujizungusha dakika kadhaa, unatakiwa usubiri hadi ikae yenyewe, alafu ulizuie kwa pini au kabari kabla hujagusa kitu. Krasha ya koni ina mafuta ya haidroli yenye presha na chupa za gesi ya naitrojeni zinazoisukuma, mota imezimwa lakini presha ipo, unatakiwa kuitoa na kuangalia geji ishuke sifuri ndo ulegeze bomba. Bomba la haidroli lenye presha likitoboka tundu dogo tu mafuta yanaweza kuingia chini ya ngozi kama sindano, unaona kidoa tu hakiumi sana, unapuuza, na hicho ni cha kukimbizwa hospitali muda huo huo. Ile ya kupiga kwa nyundo za kuzunguka, rota yake ukiacha bila kuizuia unabadili nyundo ya upande mmoja, uzito unaegemea upande wa pili inajigeuza na mkono wako ndani. Mkanda wa mteremko wenye mzigo ukikata mota unaweza kurudi nyuma. Na lile jiwe la kuninginia la kukaza mkanda, ukikata mkanda bila kulifunga linashuka na kila kilicho chini yake. Yani kabla sijagusa kitu sasa hivi najiuliza swali moja tu, humu ndani ni kitu gani kinataka kushuka, kuzunguka au kutanuka, na nani anakizuia. Kama jibu ni "jiwe lililokwama ndo linakizuia" basi siligusi.

Na jiwe lililokwama lenyewe limebanwa. Wengine wanachukua nyundo kubwa wanaligonga wakiwa wamesimama usawa wa mdomo. Jiwe lililobanwa likiachia linaweza kuchomoka kama risasi, halina adabu ya kuchagua upande. Siku hizi tunatoa mzigo wa juu kwanza, tunatumia eskaveta yenye nyundo ya haidroli kutoka mbali, watu wote wameondoka jukwaani, na kama haitoshi tunafungua uwazi wa chini. Inachukua saa nzima wakati mwingine. Saa nzima sawa.

Chuma je? Kinaingia sana. Jino la bakuli la eskaveta likikatika likaingia kwenye krasha ya koni, mashine inaruka kama imepandwa na mashetani. Ndo maana kuna sumaku juu ya mkanda. Ila hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazuri nimeona unawapiga, lile bamba la taya ni chuma cha manganizi, kile alichokigundua Mwingereza Robert Hadfield mwaka 1882, kina sifa nzuri kwamba kadri kinavyopigwa uso wake unazidi kua mgumu, lakini sumaku hakishiki. Kipande cha bamba kikivunjika kinapita chini ya sumaku kinaiangalia tu. Kwaiyo usijivunie sumaku, kiwepo na kifaa cha kugundua metali na macho ya mtu pia. Na ukilipiga hilo bamba kwa nyundo ya chuma vipande vinaruka vidogo vidogo vikali. Kuna jamaa yangu alikua na kitu mkononi karibu na kiwiko, anadhani jipu, daktari akatoa kipande cha chuma kama punje ya mchele. Kingeruka juu kidogo na angekua hajavaa miwani siku hiyo, sasa hivi tungekua tunaongelea jicho.

Tuje kwenye mkanda. Mi naogopa mkanda kuliko krasha yenyewe, nasema kweli. Krasha inatisha kwa sura, unaiheshimu bila kulazimishwa. Mkanda unaonekana mpole, unateleza tu taratibu, kumbe ule mkanda wetu ulikua unakimbia kama mita 2 kwa sekunde. Fanya hesabu, mtu kushtuka hadi misuli ikaanza kuvuta ni kama nusu sekunde. Nusu sekunde mkanda umeshaenda mita nzima. Mita moja ni zaidi ya kuanzia kidole hadi bega. Yani ubongo ukisema "vuta" hakuna tena cha kuvuta.

Mimi nimeiona kwa beleshi, nashukuru ilikua beleshi. Mwaka wangu wa kwanza, kazi yangu ilikua kuondoa kokoto zinazomwagika chini ya puli ya nyuma, lile gurudumu ambalo mkanda unalizunguka. Mkanda unatembea, kwasababu kuusimamisha kwa ajili ya beleshi la dogo mmoja nani atakubali. Ile gadi ya wavu, kinga ya kuzuia mtu asiguse, ilikua imetolewa tangu sijafika, imeegemezwa ukutani, ina kutu, jani limeota kwenye tundu. Nikasogeza beleshi kidogo tu zaidi ya kawaida, ncha ikagusa pale mkanda unapokutana na puli. Sikuachia. Hilo ndo lililonishangaza hadi leo, mkono haukuachia, uliminya zaidi, nafikiri ndo mwili ulivyo, kitu kikivutwa unakikamata. Mpini ukanitoka wenyewe ukanichuna viganja vyote, beleshi likapita kati ya mkanda na puli likatokea upande wa pili limekunjwa kama karatasi. Nilisimama pale nikaangalia viganja. Glavu sikua nimevaa, na nadhani hiyo nayo ilinisaidia, glavu kubwa na nguo ya kupwaya karibu na kitu kinachozunguka ni kamba ya kukuvutia ndani. Mikono ya ovaroli ifungwe, mnyororo wa shingoni uache nyumbani.

Wiki iliyofuata niliirudisha ile gadi mwenyewe, kwa waya wa kufungia. Fomani akanifokea kwamba sasa grisi itapakwaje. Swali zuri! Ndo sababu ilitolewa kumbe, chuchu ya grisi ilikua ndani. Tukavuta kijibomba cha grisi kutoka kwenye beringi hadi nje ya wavu, kazi ya asubuhi moja. Gadi nyingi zinazotolewa zinatolewa kwasababu kuna kazi ya kila siku imefichwa nyuma yake, ukiihamishia hiyo kazi nje gadi inakaa. Ukiweka tangazo "USITOE GADI" haikai.

Kamba ya dharura pembeni ya mkanda, ivute mwanzo wa kila shifti uone kama kweli inasimamisha. Nimewahi kukuta imefungwa fundo kwenye nguzo ili isisimamishe simamishe ovyo. Aliefanya hivo hakua mtu mbaya, alikua amechoka kupanda kwenda kuirudisha kila upepo ukiivuta. Na kuvuka mkanda ni kwenye daraja lake tu, usiruke juu wala usipite chini, hata kama umesimama, hasa kama umesimama.

Hopa nayo, lile sanduku kubwa la kupokelea mawe. Mawe yakijenga daraja ndani ya hopa, juu yanaonekana yamekaa imara kabisa kama sakafu, chini ni tupu. Mtu anashuka anayakanyaga ayachokoe, sakafu inafunguka. Mi sijawahi kushuka na sitashuka, tunachokoa kwa mashine tukiwa nje, na kama fundi lazima aingie hopa iwe imemwagwa yote, fida, ile inayolisha mawe kwenye krasha, imekatwa na kufungwa kufuli, amevaa mkanda wa usalama umefungwa juu na mtu amesimama anamuangalia, asiondoke hata simu ikiita. Tipa pale juu zinaporudi nyuma kumwaga, tuta la mwisho liwe walau nusu ya urefu wa tairi la gari kubwa kuliko yote, na mtu wa miguu asiwepo kabisa nyuma. Dereva hakuoni. Sio kwamba hajali, hakuoni tu.

Vumbi sasa. Hili halina stori ya kusisimua ndo maana watu hawalisikilizi. Yule mzee wa grisi alieniuliza "ulifunga?" hakuwahi kukatwa kidole miaka yote, kufuli zake zote zilikaa. Kilichomtoa kazini ni kupanda ngazi. Alianza kupumzika kwenye ngazi ya kumi, alafu ya saba, alafu akawa anapaka grisi za chini tu anatuachia za juu, tunamtania anazeeka. Picha ya kifua ikaonyesha mapafu yamejaa makovu. Mawe mengi yana madini yanayoitwa silika, na ukiyapasua inatoka vumbi ambalo ile unayoiona ikipeperuka sio mbaya sana, inayoua ni ile usiyoiona, chembe chini ya maikroni 10, maikroni elfu moja ndo milimita moja, unywele wenyewe ni kama 70. Inaenda hadi mwisho wa mapafu na haitoki. Ugonjwa unaitwa silikosisi, dawa ya kuuondoa haipo, na ukiwa nao kifua kikuu kinakupata kirahisi zaidi. Saratani pia, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya namna hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi tangu 1997. Marekani kiwango wanachoruhusu kazini tangu sheria yao ya 2016 ni maikrogramu 50 kwenye mita ya ujazo moja ya hewa kwa wastani wa masaa 8. Maikrogramu 50 huwezi kuishika kwa vidole, huwezi hata kuiona.

Kwaiyo maji. Maji mdomoni mwa krasha, maji kila mkanda unapomwagia mwingine, matone madogo madogo maana tone kubwa linapita chembe bila kuigusa. Kibanda cha operata kifungwe madirisha, hewa ichujwe. Barakoa ni ya mwisho, na iwe ile ya kuchuja chembe kweli kweli, sio kitambaa, kitambaa kinazuia mchanga tu. Ndevu zinaivujisha, nilikataa kunyoa miaka miwili nikaja kunyoa siku niliyomtembelea mzee. Na ile tabia ya kujipulizia kompresa nguo jioni ili uende nyumbani msafi, hapo unalitoa vumbi kwenye nguo unaliingiza kifuani, mara nyingine na kwa mtoto anaekukimbilia mlangoni ukiwa bado na ovaroli.

Masikio sitasema mengi. Desibeli 85 kwa masaa 8 ndo mpaka unaotumika sehemu nyingi, na kwa hesabu ya watafiti wengi kila ikipanda 3 muda unaoruhusiwa unakatika nusu, 88 masaa 4, 91 masaa 2, ukifika 100 ni robo saa tu. Karibu na krasha ukilazimika kupiga kelele ili mtu wa hatua mbili akusikie, ushapita. Mi sikio la kulia linaimba usiku. Linaimba tu nota moja, halibadilishi.

Sasa nimalize na hii maana ndo sababu hasa ya kukaa kuandika. Miezi michache iliyopita tulikua tunabadili rola kwenye mkanda namba 3. Tulikua watatu, mi, fundi, na dogo mmoja mgeni ana wiki mbili. Tulifanya kila kitu kama kitabu. Tukaenda chumba cha umeme, swichi ya namba 3 ikashushwa, kufuli tatu, vibao vitatu, jina la kila mtu. Tukarudi. Dogo alikua na moto wa kazi, kabla hata sijaweka begi la spana chini alishapiga magoti pale kwenye puli, mkono umeenda kwenye mkanda kuupima ugumu.

Nikamuita. Nikamwambia rudi, hatujajaribu. Akaniangalia kama vile watoto wanavyomuangalia mtu mzima anaetafuta miwani aliyoivaa. "Kaka si tumefunga zote tatu, nimetia ya kwangu mwenyewe." Nikamwambia najua, njoo tu usimame hapa na mimi. Akaja, anajivuta, anapangusa magoti. Nikapiga redio kibandani, nikahakikisha hakuna mtu, nikasema washa namba 3.

King'ora kikalia. Nikaona uso wa fundi kabla sijaona mkanda. Alafu mkanda ukaondoka, taratibu, kokoto zilizobaki juu yake zikaanza kusafiri.

Ukazimwa. Hakuna aliesema kitu muda mrefu kidogo. Tulipofuatilia tukakuta wakati fulani mota ilibadilishwa, nyaya zikahamishwa kwenye paneli, namba 3 ikaenda kwenye swichi ya namba 4 na ya 4 ikaja ya 3, na vibandiko vya nje hakuna aliyevihamisha. Kufuli zetu tatu zilikua zimefunga vizuri sana mkanda ambao hakuna aliekua anaushughulikia. Nyie mnaofunga bila kubonyeza batani ya kuwashia kuhakikisha, mi sitawahubiria, nawaambia tu nilichokiona.

Dogo hakuongea hadi mapumziko. Alikua amekaa kwenye tairi bovu anaangalia mkono wake, ule ule, anaufungua anaufunga. Mi nikaenda kutafuta rangi nyeupe na brashi, nikabandua vile vibandiko vya zamani kwa kisu, fundi akawa anafuata waya mmoja mmoja ananitajia, mi naandika. Mwandiko wangu mbaya toka shule, 3 yenyewe imepinda kama inataka kudondoka. Meneja alipopita akasema tutaagiza vibandiko vipya vilivyochapishwa vizuri. Nikamwambia sawa bosi, agiza. Hadi leo havijafika, na ile 3 yangu bado ipo pale mlangoni, imechuruzika rangi kidogo upande wa chini.